Potasiamu hupotea chooni kabla ya kupungua sahanini

Chukua mlo wa mchana wa kawaida wa Lindi mjini au Mikindani: ugali wa muhogo, mbaazi zilizoungwa kwa nazi, kipande cha samaki, na mchicha pembeni. Ukiuhesabu mlo huo kwa potasiamu, madini yanayoendesha misuli na moyo, unatoka vizuri sana. Kikombe cha mbaazi zilizoiva kina miligramu 640 hivi. Kikombe cha mchicha uliopikwa kina zaidi ya 800. Samaki wa gramu 100 ana kati ya 300 na 500. Hapo ugali hatujaugusa, wala dafu la jioni ambalo maji yake, kikombe kimoja tu, yanaweza kufika miligramu 600. Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtu mzima apate angalau miligramu 3,510 kwa siku. Mlo huo mmoja umeshampa nusu na zaidi kidogo.

Ndiyo maana mtu wa Mtwara au Lindi anapoambiwa hospitali kwamba potasiamu yake iko chini, kuanza kukumbuka alichokula wiki nzima hakumsaidii sana. Chakula duni huchangia, hasa kwa anayeishi kwa wali mweupe na chai: kikombe cha wali huo kina miligramu 55 tu. Lakini figo nzima zina uwezo mkubwa wa kubana potasiamu isitoke kwenye mkojo pale inapoingia kidogo, na kwa sababu hiyo ni nadra mtu kuishiwa kwa kula vibaya peke yake. Mara nyingi kuna mahali inapovuja: kuhara, kutapika, au dawa fulani. Tiba inaanza kwa kutafuta tundu hilo.

Potasiamu iko wapi, na inafanya nini

Kwenye karatasi ya maabara utaiona kwa herufi K. Herufi hiyo inatokana na jina la Kilatini, kalium, nalo limetokana na neno la Kiarabu la majivu ya mimea, kwa sababu majivu ndiyo yaliyokuwa chanzo chake tangu zamani. Kipimo huandikwa kwa milimoli kwa lita ya damu. Milimoli moja ni miligramu 39. Kiwango cha kawaida ni kati ya 3.5 na 5.0, ingawa maabara nyingine huweka mpaka wa juu mbele kidogo.

Mtu mzima wa kilo 70 ana gramu 140 hivi za potasiamu, na asilimia 98 yake imo ndani ya seli, zaidi kwenye misuli. Ndani ya seli kiwango ni milimoli 140 hadi 150 kwa lita. Nje, kwenye damu na majimaji yanayozunguka seli, ni nne tu. Potasiamu yote iliyo nje ya seli haizidi gramu mbili na ushee. Sasa rudi kwenye sahani yetu ya mbaazi, samaki na mchicha: ile peke yake inakaribia kiasi hicho. Kama potasiamu ya mlo ingebaki kwenye damu kusubiri figo, kiwango kingekaribia kupanda maradufu, na moyo ungesimama kila baada ya chakula cha mchana. Haitokei hivyo kwa sababu insulini inayotolewa wakati wa kula huisukuma potasiamu ndani ya seli upesi. Figo nazo huitoa polepole kwa saa zinazofuata, zikiongozwa na homoni ya aldosteroni. Figo hutoa asilimia 90 hivi ya potasiamu ya siku, na inayobaki hutoka kwa haja kubwa.

Tofauti hii ya ndani na nje ndiyo kazi yenyewe ya potasiamu. Fikiria dau linalovuja baharini. Baharia anakaa na upo mkononi anakumba maji bila kupumzika, na dau linaelea kwa sababu hiyo tu. Kwenye ukuta wa kila seli kuna pampu inayofanya kazi ya namna hiyo: inatoa chembe tatu za sodiamu nje na kuingiza mbili za potasiamu, mchana na usiku. Mwanasayansi wa Denmark, Jens Christian Skou, aliieleza mwaka 1957 na akapata Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 1997. Pampu hiyo inakula sehemu kubwa ya nishati ya mtu aliyelala tu kitandani. Matokeo yake ni kwamba ukuta wa seli una chaji ya umeme: ndani hasi, nje chanya. Mshipa wa fahamu unapopeleka taarifa, msuli unapokaza, moyo unapodunda, umeme huo ndio unaotumika, kisha potasiamu inayotoka ndani ya seli kwenda nje ndiyo inayourudisha mahali pake ili pigo linalofuata liwezekane.

Potasiamu ya nje ikishuka, pengo kati ya ndani na nje linakuwa kubwa kupita kiasi. Misuli ya mwili inakuwa mizito kuamka: amri inafika, msuli hauitiki. Kwenye moyo shida ni nyingine. Umeme wake unachelewa kurudi mahali pake baada ya kila pigo, na ndani ya muda huo wa kuchelewa pigo la ovyo linaweza kupenya. Mtu huyohuyo mmoja kwa hiyo anaweza kuwa na miguu iliyolegea na moyo unaokurupuka.

Dalili

Upungufu mdogo, kati ya 3.0 na 3.4, mara nyingi hauna dalili yoyote. Unagundulika kwa kipimo kilichofanywa kwa sababu nyingine. Ukishuka chini ya 3.0 mtu huanza kulalamika: uchovu usioeleweka, mapaja mazito anapopanda ngazi au kuinuka kutoka kwenye kigoda, misuli kubana usiku. Tumbo linajaa na choo kinakuwa cha shida, kwa kuwa utumbo nao ni msuli. Wengine hukojoa sana na kuwa na kiu, kwa sababu figo zilizokosa potasiamu kwa muda hupoteza uwezo wa kukoleza mkojo. Chini ya 2.5 ni hatari kamili: udhaifu unaanzia miguuni, unapanda kiunoni na mikononi, na ukifika kwenye misuli ya kifua mtu anashindwa kupumua. Misuli inaweza kuanza kuvunjika na mkojo ukawa wa rangi ya chai ya rangi. Moyo hupiga kwa kuruka, au kwenda mbio hata mtu akizimia.

Kasi ya kushuka ina uzito kuliko namba yenyewe. Aliyeshuka taratibu kwa miezi anaweza kutembea na 2.8, wakati aliyeshuka kwa siku mbili za kuhara akawa hoi kwenye 3.0. Na mwenye ugonjwa wa moyo, hasa anayetumia digoksini, anaweza kupata mapigo mabaya hata kwenye upungufu mdogo.

Dalili hizi hazina jina usoni. Uchovu ni wa malaria, wa damu kupungua, wa kisukari, wa kukosa usingizi. Ganzi ya nyayo pekee mara nyingi zaidi ni kisukari au upungufu wa vitamini B. Kubanwa misuli baada ya kutwa nzima ya kupalilia juani hutokana zaidi na uchovu wa msuli wenyewe pamoja na kupoteza maji na chumvi ya kawaida, kwani lita ya jasho ina potasiamu kidogo sana, milimoli tano hivi. Ndizi ni chakula kizuri, ila kwa mkazo wa namna hiyo dawa ni kupumzika, kunyoosha msuli, na kunywa maji pamoja na chakula chenye chumvi.

Kwa mikoa ya Kusini kuna jambo moja la kutenganisha kwa makini. Miguu ikishindwa ghafla kwa mtu aliyekuwa akila makopa ya muhogo mchungu yasiyolowekwa na kukaushwa ipasavyo, inaweza kuwa konzo, ugonjwa unaotokana na sumu ya sianidi na ambao umewahi kuripotiwa mkoani Mtwara. Miguu ya konzo inakakamaa, magoti yanakaza, na hali hiyo haiondoki. Miguu ya upungufu wa potasiamu inalegea kama kitambaa, na hurudi ikitibiwa. Yote mawili ni ya kwenda hospitali siku hiyohiyo.

Kuhara

Hapa ndipo potasiamu nyingi hupotea, na hapa ndipo makosa ya nyumbani yanapogharimu. Lita moja ya choo cha kipindupindu hubeba milimoli 15 hadi 30 za potasiamu. Mtu mzima aliyepoteza lita tano amepoteza milimoli 100 hivi, karibu gramu nne, ambayo ni zaidi ya anayopaswa kula kutwa. Kutapika kunaongezea kwa njia ya kuzunguka: matapishi yenyewe yana potasiamu kidogo, lakini kupoteza tindikali ya tumbo kunazifanya figo zitupe potasiamu kwenye mkojo.

Mchanganyiko wa nyumbani unaojulikana, vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi kwa lita moja ya maji safi, unaokoa maisha kwa kurudisha maji na sodiamu. Potasiamu hauna hata chembe. Pakiti ya ORS, unga wa kuchanganya na maji kwa anayehara, ya lita moja inayo: gramu 1.5 za kloridi ya potasiamu, sawa na milimoli 20, pamoja na gramu 2.6 za chumvi ya kawaida, gramu 2.9 za sitreti na gramu 13.5 za glukosi. Kwa hiyo pakiti ikipatikana, tumia pakiti. Ikikosekana, tumia ule wa nyumbani huku mgonjwa akipewa ndizi mbivu iliyopondwa, maji ya dafu, au uji, kadiri anavyoweza. Dafu peke yake halitoshi kwa anayehara sana, kwa sababu potasiamu yake ni nyingi lakini sodiamu ni kidogo na hubadilika dafu hadi dafu, na kuhara kunapoteza sodiamu zaidi.

Kosa linalotokea mara nyingi ni la vipimo. Mama anafungua pakiti ya lita moja, anamimina robo kwenye kikombe kidogo kwa kukisia, anaifunga iliyobaki kwa baadaye. Unga wa pakiti haukuchanganyika sawasawa, chumvi nyingine imekaa chini, na kikombe kile kinaweza kuwa kikali mno. Mtoto anakataa kwa sababu ya uchumvi, au anakunywa na kiu inazidi. Soma kiasi kilichoandikwa kwenye pakiti, maana zipo za ujazo tofauti. Koroga yote kwa mara moja kwenye maji safi ya kiasi hicho, funika, na yakifika saa 24 mwaga utengeneze mengine. Mtoto wa chini ya miaka miwili apewe mililita 50 hadi 100 kila baada ya choo cha maji. Wa miaka miwili hadi kumi, 100 hadi 200. Akitapika, subiri dakika kumi, endelea kwa kijiko, taratibu. Vidonge vya zinki hutolewa pamoja na ORS kwa siku 10 hadi 14: miligramu 20 kwa siku, au 10 kwa mtoto aliye chini ya miezi sita. Mtoto mwenye utapiamlo mkali, aliyekonda mno au kuvimba miguu, hana akiba ya potasiamu na ORS ya kawaida ina sodiamu nyingi mno kwake. Huyo apelekwe kituo cha afya, kwani upo mchanganyiko wake maalumu.

Hospitali nako namba inaweza kudanganya. Damu ya mtu aliyehara sana huwa na tindikali, na tindikali hiyo huitoa potasiamu ndani ya seli kuileta nje. Kipimo cha kwanza kinasoma 4.2, kila mtu anatulia, wakati ghala la ndani limekauka. Dripu ikiingia na tindikali ikarekebika, potasiamu inarudi ndani ya seli, na ya damu inashuka kwa kishindo. Dripu ya Ringer ina milimoli nne tu kwa lita. Ya chumvi ya kawaida haina kabisa. Ndiyo sababu daktari hupima tena, na ndiyo sababu mgonjwa huanzishiwa ORS mara tu anapoweza kumeza.

Dawa, sanamaki, udongo

Wanaotumia dawa za presha wajue jina la dawa yao. Bendroflumethiazaidi, haidroklorothiazaidi na furosemaidi ni dawa za kutoa maji, na pamoja na maji na sodiamu zinatoa potasiamu. Kushuka huonekana zaidi wiki za mwanzo au dozi inapoongezwa, hivyo kipimo cha damu baada ya wiki chache ni cha lazima kuulizia. Amlodipini haiigusi. Losartani, kaptoprili, lisinoprili na spironolaktoni hufanya kinyume, huipandisha. Tabia inayoumiza ni ya kununua furosemaidi dukani kwa sababu miguu imevimba, na kuendelea nayo kwa miezi bila kipimo. Salbutamoli na aminofilini za pumu nazo huisukuma potasiamu ndani ya seli kwa saa kadhaa, na zikitolewa nyingi kwa mgonjwa aliye pia kwenye furosemaidi, mambo mawili yanakutana.

Sanamaki na shubiri zinazotumika kusafisha tumbo zinaharisha. Mara moja kwa nadra si neno. Kila wiki, kwa lengo la kupunguza mwili au kutoa sumu, ni kuhara kwa kudumu kwa jina jingine, na potasiamu huondoka nayo. Udongo wanaokula baadhi ya wajawazito unaweza kuikamata potasiamu ndani ya utumbo isifyonzwe. Wapo wagonjwa wanaofika hospitali miguu ikiwa imelegea kabisa kwa sababu hiyo. Mjamzito anayetamani udongo asionewe haya wala kukemewa: mara nyingi ana upungufu wa madini ya chuma, na kliniki ndiko pa kuusema. Wanaokunywa gongo ya mabibo siku nyingi bila kula hupungukiwa na potasiamu na magnesiamu kwa pamoja. Magnesiamu ikiwa chini, figo hushindwa kuishika potasiamu. Unaweza kumpa mtu vidonge vya potasiamu wiki nzima namba isisogee, mpaka magnesiamu irekebishwe kwanza.

Kipimo na tiba

Sampuli ya damu ni rahisi kuharibika. Chembe za damu zikipasuka, potasiamu iliyomo ndani yake inamwagika kwenye majimaji yanayopimwa na namba inapanda kwa uongo. Zinapasuka kwa sindano nyembamba iliyovutwa kwa nguvu, kwa chupa kutikiswa, kwa safari ndefu ya pikipiki barabara ya vumbi. Kufungwa mkono kwa muda mrefu huku mgonjwa akikunja na kukunjua ngumi nako kunaipandisha. Damu ikikaa saa nyingi kabla ya kutenganishwa, hata ndani ya friji, inavujisha potasiamu. Mwenye upungufu wa kweli anaweza hivyo kuambiwa yuko sawa. Namba isipolingana na hali ya mgonjwa, damu ichukuliwe upya, na kipimo cha umeme wa moyo kifanyike.

Kushuka kutoka 4.0 hadi 3.0 kwenye damu kunamaanisha mwili mzima umepungukiwa milimoli 200 hadi 400. Ndizi moja ya kiasi ina milimoli 11 hivi. Kujaza pengo la 300 kwa ndizi ni kula 27, na bado aliyepungukiwa kwa kutapika au kwa dawa za kutoa maji amepoteza kloridi pia, ambayo ndizi inayo kidogo, kwa hiyo potasiamu hiyo haishikwi vizuri. Hapo ndipo vidonge vya kloridi ya potasiamu vinapohitajika. Kidonge cha miligramu 600 kina milimoli nane. Humezwa kizima baada ya chakula, kwa maji glasi nzima, mtu akiwa amekaa au kusimama. Ukikitafuna au kulala nacho kooni kinachoma umio.

Ya kuwekwa kwenye mshipa ni kazi ya hospitali pekee. Ampuli ya mililita 10 ya asilimia 15 ina milimoli 20, na ikisukumwa bila kuchanganywa inasimamisha moyo. Huchanganywa kwenye dripu, kwa kawaida isiyozidi milimoli 40 kwa lita, na kuingizwa kwa mwendo usiozidi milimoli 10 kwa saa pasipo mashine ya kufuatilia moyo. Ndugu wanaomuuguza mgonjwa wodini tunawaomba jambo moja: msiguse kidude cha kurekebisha dripu ili "iishe haraka". Mkono ukiuma au kuwaka moto, mwiteni muuguzi.

Presha, na wenye figo mbovu

Lindi na Mtwara zinavuna chumvi ya bahari, na papa ng'onda ni kitoweo chetu. Potasiamu ikiwa kidogo mwilini, figo hushikilia sodiamu, na presha hupanda. Ikiwa ya kutosha, sodiamu hutoka. Nchini China, utafiti wa vijiji 600 uliotolewa mwaka 2021 uliwapa watu chumvi ambayo robo yake ilikuwa kloridi ya potasiamu, na viharusi vikapungua kwa asilimia 14. Kwa mwenye figo nzima, ng'onda alowekwe maji yabadilishwe, na mbaazi, kunde, matembele na matunda viongezwe.

Kwa mwenye figo zilizochoka mambo yanageuka. Kwake potasiamu hupanda, na ikipita 6.5 moyo unaweza kusimama bila onyo. Asinunue vidonge wala chumvi ya potasiamu, asifanye madafu kuwa maji ya kunywa, na anayetumia losartani au spironolaktoni awe makini mara mbili. Mboga na viazi asiache, ila upishi ubadilike, maana potasiamu huyeyuka kwenye maji. Amenye muhogo mtamu au viazi, akate vipande vidogo vyembamba, achemshe kwenye maji mengi mpaka viive, amwage maji hayo, ndipo aunge kwa nazi kidogo. Maji yaliyomwagwa asiyatumie kwa mchuzi. Na wale wasio na shida ya figo wafanye kinyume chake kwa mchicha na matembele: maji kidogo, moto mfupi, na mchuzi wake uliwe. Kisamvu hakimo kwenye ruhusa hiyo. Kinatwangwa na kuchemshwa muda mrefu bila kufunikwa ili sianidi itoke, na hapo hatutafuti kuokoa potasiamu.